Habari Zilizotolewa Hazitoshi

Mimi nina miaka 38, mke, mtoto mmoja, deni la kikoba na kazi ya uhasibu kwenye duka la vigae Chang'ombe. Mtu mwenye mali zote hizo alitakiwa atulie. Lakini mwaka jana bosi katuletea meneja mpya, kijana wa miaka 27, viatu vimechongoka kama penseli, tukaambiwa ana MBA, ile digrii ya pili ya biashara. Mimi ndiye niliyemwelekeza choo kilipo. Mshahara wake niliuona kwa macho yangu, maana orodha ya mishahara naiandaa mwenyewe. Jioni ile nikamwambia mke wangu, "Mama Neema, na mimi narudi shule."

Akanitazama, akaendelea kumenya vitunguu. "Sawa. Gesi imeisha."

Sasa chuo nilichokitaka mlangoni pake kuna mtihani unaitwa GMAT. Unafanyia kwenye kompyuta, saa mbili na robo, vipande vitatu: hesabu, lugha na uchambuzi wa data, kila kimoja dakika 45. Alama zinaanzia 205 mpaka 805. Nilipoiona hiyo 205 moyo ukatulia. Shuleni kwetu mwalimu hakuwahi kumpa mtu hata tano kwa kukalia kiti.

Nikanunua kitabu cha mtumba, vile vinavyopangwa chini Posta, elfu nane baada ya kuvutana sana. Kinene kama tofali la inchi sita. Mwezi mzima nikasoma jiometri: pembetatu, duara, mcheduara. Mwezi wa pili nikarekebisha sentensi za Kiingereza. Wa tatu nikaandika insha 11 na kujisahihisha mwenyewe, nikajipa alama nzuri tu. Ndipo yule meneja akapita mezani kwangu, akakiona kitabu, akacheka kwa adabu. "Braza, hiki cha zamani. Mtihani ulibadilishwa mwishoni mwa 2023. Jiometri wametoa, kusahihisha sentensi wametoa, insha wametoa."

Yaani kila nilichokijua ndicho walichokitoa! Pythagoras nimebaki naye nyumbani bure, kama mgeni aliyekosa basi la kurudi kwao.

Kilichobaki ni hesabu za kawaida na aljebra, maswali 21, tena bila kikokotoo. (Kikokotoo cha mezani, jamani, si kile cha mafao ya kustaafu. Kile hata wakiniruhusu sikitaki.) Mimi mhasibu wa miaka 12! Kuninyang'anya kikokotoo ni sawa na kumwambia konda aite abiria kwa ishara. Kinaruhusiwa kwenye kile kipande cha data tu. Halafu mtihani wenyewe una tabia ya mama mkwe: ukipatia swali, linalofuata linakuwa gumu zaidi. Umepeleka sukari kilo mbili, safari ijayo anauliza mfuko uko wapi.

Muda wa kusoma ndio kichekesho. Kalenda yangu ni hii: mwanzo wa mwezi nafunga hesabu za mwezi uliopita, mpaka tarehe 20 nahangaika na ritani ya VAT, tarehe 25 nafanya mishahara. Zinabaki siku tano, na katika hizo tano lazima kuna msiba. Usiku ndiyo kabisa. Saa tano, nimefungua swali la uwiano, simu inalia, bosi kaandika kwenye grupu la kazini: "Wapendwa, hivi zile katoni 14 za vigae vyeupe ziko wapi?" Wapendwa wote kimya. Wameona, wamelala. Mimi peke yangu niko macho, kwa hiyo mimi ndiye niliyezila.

Nikahamishia masomo kwenye daladala, Gongo la Mboto mpaka Veta. Mkono mmoja bomba, mkono mmoja kitabu. Siku moja nikawa nasoma kwa kunong'ona: treni ya kwanza imeondoka saa mbili, ya pili imeondoka saa tatu kwenye reli hiyohiyo, inakwenda kasi zaidi, je, itaifikia saa ngapi? Mzee aliyekaa chini yangu akashtuka. "Reli hiyohiyo? Na wewe umesimama tu unapiga hesabu? Piga simu wazisimamishe!" Basi zima likaanza kujadili ajali. Mpaka tunafika Tazara, dereva wa treni ya pili alishafukuzwa kazi na mkaguzi wa reli anatafutwa. Jibu sikulipata.

Lakini kilichoniharibu akili ni aina moja ya swali kwenye kile kipande cha data. Wanakupa swali, halafu kauli mbili. Hawataki jibu! Wanataka uwaambie kama habari zinatosha kupata jibu. A, kauli ya kwanza peke yake inatosha. B, ya pili peke yake. C, mpaka uziunganishe. D, yoyote inatosha. E, hata ukiziunganisha bado. Miezi miwili nimefanya maswali hayo, na sasa siwezi kuongea na binadamu kama kawaida.

Mwenye nyumba kaja kuulizia kodi. Nikamwambia, "Mzee, kauli ya kwanza: mshahara umeingia. Kauli ya pili: kikoba kimeshakata chake. Ukiziunganisha bado huwezi kujua kodi utalipwa lini. Jibu ni E." Akanitazama, akamwita mke wangu pembeni, akamuuliza kama kwetu ugonjwa huu upo kwenye ukoo.

Na mke mwenyewe ndiye angestahili kufanya mtihani huu. Kwenye lugha kuna maswali ya kutafuta kauli inayodhoofisha hoja. Mimi natumia dakika tatu kwa moja. Yeye hajafungua kitabu hata siku moja, lakini nikisema, "Mama Neema, nimechelewa kwa sababu ya foleni," anajibu palepale, "Baba Editha mnapanda basi moja, kafika saa moja." Hoja imelala chali.

Nikaambiwa pia niwe na pasipoti ya kujitambulishia kwenye mtihani. Nikailipia shilingi 150,000, mimi ambaye safari yangu ndefu mwaka huu ni Chalinze. Sijui nani alivujisha. Wiki haikuisha, ukoo mzima ukajua nasafiri. Shangazi kapiga kutoka Korogwe, kaniombea dua ya safari, kisha akanitajia saizi yake ya viatu. Mjomba anataka simu, ila si ya Mchina. Nikawaambia hakuna safari, ni mtihani tu, nitaufanyia sebuleni. Shangazi akaguna. "Watu wakishapata huwa wanaongea hivyohivyo."

Na kweli ni sebuleni. Nimechagua kuufanyia nyumbani kwa intaneti, karibu dola 300, ukibadilisha inapita laki saba. Masharti yake sasa: chumba kiwe kitupu, mlango ufungwe, uzungushe kamera waone pande zote, asiingie mtu yeyote mpaka umalize. Waliotunga sharti hilo wanaishi kwenye nyumba za namna gani? Sisi tuna chumba na sebule. Sebuleni ndiko liliko friji, jiko, ndoo za maji na vifaranga vya Neema kwenye boksi.

"Na nikitaka chumvi?" mke akauliza.

"Uitoe mapema."

"Na vifaranga?"

Nikafungua masharti tena. Vifaranga hawakutajwa. Habari zilizotolewa hazitoshi.

Basi nikapanga Jumamosi, saa nane mchana, muda ambao umeme huwa unajitahidi. Nikalipa. Nikaaga kazini, bosi akasema "tutaona", nikaichukulia kuwa ndiyo. Neema nikampa elfu moja awe kimya siku hiyo. Akasema elfu moja ni ya robo saa.

Jumatano jioni jirani akagonga, kashika kadi. Bintiye anaolewa. Shughuli Jumamosi, kuanzia saa saba mchana, turubai litafungwa mlangoni kwangu kwa sababu ndipo penye kivuli, na kijana wa singeli keshapewa advansi. Nikasema, "Jirani, siku hiyo nina mtihani wa hesabu." Uso ukamng'aa. "Hesabu? Ndiyo maana kamati imekuchagua mweka hazina!"

Jana kikao cha kwanza. Nimekalishwa mbele, nimepewa soda, daftari na kalamu. Mwenyekiti akasimama: upande wa mama umeahidi laki tano, upande wa baba umesema utafanya mara mbili ya upande wa mjomba, na mjomba yuko Tunduru, hapatikani kwenye simu.

"Mweka hazina," akaniuliza, "hela zinatosha?"

Watu wote wakanyamaza. Nikashika kalamu, nikavuta pumzi. "Ndugu mwenyekiti, kauli ya kwanza peke yake haitoshi..."