Bastola Chini ya Shati: Darasa Linafundisha Nini Hasa?

Kufikia mwaka 2024, majimbo 29 ya Marekani hayakuwa na sharti la leseni kwa wanaobeba bastola kwa kificho, wala sharti la mafunzo. Illinois bado inadai saa 16 za mafunzo. New York inadai saa 16 za darasani na 2 za kufyatua risasi uwanjani. Anayetetea masharti haya huambiwa papo hapo kwamba anatafuta kisingizio cha kuwanyang'anya watu silaha.

Wapinzani hawana hoja nyepesi. Mwanamke anayetishwa na mume waliyeachana hawezi kungoja nafasi ya darasa, na ada humbana zaidi asiye nacho. Tena jimbo la Vermont halijawahi kudai leseni.

Takwimu wanayoipenda ni ya polisi wa New York. Uchunguzi wa taasisi ya RAND ulionyesha kuwa kati ya 1998 na 2006, katika majibizano ya risasi, askari walipata shabaha kwa asilimia 18 tu. Pale walipofyatua wao peke yao, asilimia 30. Basi, wanauliza, kama waliopitia chuo cha polisi wanakosa hivyo, raia wa darasa la siku mbili atafanya nini? Mimi naisoma kinyume. Katika kila risasi kumi, nane zinaishia ukutani, kwenye gari au kwa mpita njia. Kama hivyo ndivyo kwa aliyefunzwa, sioni namna inavyomtetea asiyefunzwa kabisa.

Tena mengi huharibika kabla adui hajaonekana, hasa wakati wa kuirudisha bastola kwenye ala, yaani mfuko wake wa kiunoni. Pindo la shati au kamba ya koti huingia ndani ya kinga ya kifyatuo, ule mzingo unaozunguka kitufe cha kufyatulia. Mtu anasukuma, kitambaa kinavuta. Kifyatuo cha bastola ya kawaida ya Glock huhitaji nguvu ya kama kilo 2.5, na mkono unaosukuma kwa haraka hupita hapo bila kuhisi. Risasi huingia pajani, penye mshipa mkubwa wa damu. Ala ya ngozi iliyolegea huleta balaa lile lile mdomo wake ukijikunja kwa ndani. Dawa yake inafundishika kwa saa moja: kidole kimenyooka ubavuni mwa bastola, mkono wa pili unapandisha shati hadi kifuani, unaitazama ala, unairudisha polepole. Hakuna anayekukimbiza.

Hata kuondoa risasi kuna mpangilio wake. Magazini, kasha la risasi, hutoka kwanza, ndipo slaidi, sehemu ya juu inayoteleza, ivutwe. Anayevuta slaidi kwanza hutoa risasi moja na kuingiza nyingine kwenye chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa. Kisha anatoa magazini na kuamini bastola ni tupu.

Hapa ndipo nalaumu pande zote. Jaribio la leseni la Texas ni risasi 50 kutoka yadi 3, 7 na 15, na alama 175 kati ya 250 zinatosha. Halimdai mtu aichomoe bastola chini ya nguo wala airudishe, mambo ambayo mbebaji atayafanya kila siku. Kubishana saa 4 au 16 bila kuuliza kinachopimwa ni kupoteza muda. Kipimwe kuchomoa, kurudisha na kuamua kutofyatua. Ada ilipwe na jimbo, na anayetishwa apewe kibali cha muda siku ile ile anapojiandikisha darasani.