Kilo Zangu Zinasomwa Kanisani

Jamani, hivi nani kawapa ruhusa ya kusoma kilo za mtu hadharani? Jana baada ya misa natoka zangu, nakuta mzani umetegwa mlangoni, hapana pa kupenya. Mama mwenyekiti wa kikundi chetu cha kupunguza unene kavaa miwani, daftari mkononi, anasoma kwa sauti kama anatangaza ndoa: "Mia moja na nne! Alikuwa mia na mbili!" Alibakisha kusema mwenye kujua kizuizi ajitokeze.

Kikundi chenyewe kilianza Jumatano ya Majivu, Februari 18. Ati Kwaresma hii tusiishie kuacha nyama Ijumaa, tuutiishe na mdomo. Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, Wakorintho wa Kwanza 6:19, nimesomewa mpaka nimehifadhi. Sikatai. Ila hekalu langu limeongezwa baraza tu, na nyumba yenye baraza mjini hapa ni heshima.

Wakaleta mfungo wa Danieli. Mie nikaenda kuisoma mwenyewe. Danieli na wenzake wamekula mtama na maji siku 10, na mwisho wa siku hizo miili yao ikaonekana imenenepa kuliko waliokula chakula cha mfalme. Imenenepa! Imeandikwa! Nikauliza, nikajibiwa eti nasoma kwa tumbo. Na Eliya je? Kalala hoi chini ya mti, malaika kaja, hakumwambia apunguze wanga. Kamwambia, "Inuka, ule." Na akarudi mara ya pili kumwambia vilevile.

Lakini hayo madogo. Mwenye kunikosesha utii yuko ghorofa ya pili.

Mwaka huu Kwaresma na Ramadhani zimeingia wiki moja. Mchana sina tabu, mji mzima umefunga. Hata ukitaka kuasi huna pa kuasia. Kazi inaanza magharibi. Juzi nimekaa na kipande changu cha boga la kuchemsha, nakitazama, nacho chanitazama. Hodi. Mtoto wa chini, sinia kichwani, kawa juu.

"Shikamoo. Bibi kasema hii futari yenu."

"Marahaba mwanangu. Mwambie bibi ahsante sana, ila sie tumefunga."

"Na sie tumefunga."

Hapo unajibu nini? Nikamwambia hii ya kwetu ni ya kupunguza unene pia. Mtoto kanitazama tumbo, kanitazama uso, kicheko kakimeza kwa adabu, kateremka na sinia lake. Nikajipongeza: majaribu nimeyashinda.

Muda si muda nasikia ndara ngazini. Moja. Kimya. Moja. Majumba haya ya Michenzani, hapa mjini Unguja, hayana lifti, na Bi magoti yanamuuma tangu masika. Kafika anatweta, sinia kalibeba mwenyewe.

"Baba, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, Bi."

"Mwaka jana ulikula. Mwaka juzi ulikula. Mwaka huu chakula changu kina nini?"

"Bi, ni Kwaresma."

"Kwaresma naijua, mie nimezaliwa mji huu. Kwani nyie jioni hamli?"

"Twala, ila kidogo."

"Basi ndiyo kidogo hicho."

Akafunua kawa. Muhogo wa nazi, tui limeganda pembeni. Changu wa kukaanga. Kaimati zimelowa shira, zinang'aa. Na mkate wa kumimina, ule wenye hiliki, ukingo umeiva rangi ya asali, katikati vitundu vitundu, moshi bado unatoka.

Nikamtaja mama mwenyekiti. Bi kasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mama ana mume?"

"Anaye."

"Mwembamba?"

"Si sana, Bi."

"Basi na ashughulike na wake."

Mke wangu, ambaye yumo kikundini na kapungua kweli, alikuwa kimya jikoni muda wote huo. Akatoka na sahani mbili. Mbili!

Sasa niambieni, utii ni kwa nani? Samweli kasema kutii ni bora kuliko dhabihu, vizuri, nami nimemtii mtu mzima aliyepanda ngazi zote zile kwa ajili yangu. Kikundini wamenambia ningepokea nikampa mwingine. Mwingine nani? Jengo zima kila mlango umepeleka na umepokea! Nimpelekee mtalii Nungwi?

Halafu nakula nini? Wanasema samaki na mboga, mkate niache. Sokoni Darajani wanakwenda wao, wameiona bei ya samaki? Muhogo ndio unaonitosha mfukoni. Ati nifanye mazoezi! Maji hayapandi huku juu, ndoo napandisha mie kila alfajiri. Kama jasho linapunguza mtu, mie ningekuwa uzi. Nimechoka, wallahi, na Padri anisamehe kuapa.

Na bado Idd. Inaangukia katikati ya Kwaresma, siku nne, na biriani ya Bi haiji kwa kisahani.

Isitoshe, sinia halirudi tupu. Mke wangu katoa wazo turudishe na boga. Boga! Tukabishana, sasa anachoma vitumbua vya kurudishia na mie ndiye naonjeshwa sukari. Kawa ya Bi tumeifuta, ipo tayari, ila kabatini pana nyingine ya ukindu mwekundu hatujui ya nani. Nimemuuliza jirani wa ghorofa ya nne, kasema si yake. Huyo mwaka jana sufuria letu alilikana vilevile, na tulimwona analiosha.