Mtuulize kabla hamjasaini

Juzi kwenye kijiwe cha kahawa Kariakoo kaka mmoja kasema mikataba ya kimataifa waachiwe wataalamu, mwananchi ataelewa nini. Iliniuma sana, maana ndo lugha ileile tuliyoisikia 2023.

Tukumbushane. Mkataba wa serikali na Dubai kuhusu bandari ulisainiwa Oktoba 2022. Wengi wetu hapa Dar, watu ambao bandari ni ya kwetu kabisa, tumekuja kuuona Juni mwaka uliofuata, tena kwenye WhatsApp, tena kwa Kiingereza. Kamati ya Bunge ikaita watu watoe maoni Dodoma kwa notisi fupi mno, na tarehe 10 Juni Bunge likaridhia. Sasa kuli wa Kurasini au wakala wa forodha angefika Dodoma saa ngapi, na awe amesoma nini?

Lakini hata wangetupa mwezi mzima, shida iko palepale: maoni yanayoombwa baada ya saini hayana pa kwenda. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba, sawa, ila ukifika bungeni pande mbili zimeshamalizana, mbunge anabaki na ndiyo au hapana. Ile ibara ya 23 ya mkataba wa bandari, iliyozuia upande wowote kujitoa hata mwenzake akivunja mkataba vibaya, wanasheria waliipigia kelele, madereva bajaji wakaipigia kelele, Baraza la Maaskofu Katoliki nalo likaupinga mkataba wazi, na bado hakuna kikao kilichokuwa na uwezo wa kuifuta ile sentensi. Ni kumwita mjomba kwenye kikao cha mahari wakati bibi harusi yuko fungate.

Haya, nakubali kwa shingo upande, mikataba ya utekelezaji na DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, iliyosainiwa Oktoba 2023 pale Ikulu ya Chamwino ilikuja na kikomo cha miaka 30 na gati zikatajwa, namba 4 mpaka 7, na viongozi wakasema maoni yamezingatiwa. Ila ilichukua miezi ya kelele na watu kukamatwa. Kwa nini raia alipe bei hiyo kutoa maoni?

Serikali mtasema kuna siri za mazungumzo? Hatuombi kujua mtashuka mpaka bei gani, tunataka kujua mnaenda kuomba nini na nini hamuachii.

Na tunaweza bana. Ile EPA, mkataba wa biashara wa Afrika Mashariki na Ulaya, mwaka 2016, Kenya na Rwanda wameshasaini Septemba, sisi rais mstaafu mzee Mkapa kaandika kuipinga, wasomi wakabishana hadharani, Bunge likajadili Novemba na likaikataa, na Tanzania ilikuwa bado haijasaini. Mwananchi wa kawaida hakuitwa sana, kweli, lakini mjadala ulitangulia kalamu.

Kwa hiyo rasimu itoke kwa Kiswahili, vikao vifike Temeke na Kigoma, na kamati iandike maoni gani imeyakataa na kwa nini. Kuli hatasoma kurasa zote. Atasoma zinazogusa ajira yake, na hizo anazielewa kuliko wengi waliokaa kwenye ile meza.