Tuwapige picha malenga wetu wakiwa hai

Juzi tumemzika mzee wetu mmoja hapa Tanga, malenga. Tangazo la msiba likazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na picha waliyoweka imekatwa kutoka kwenye picha ya harusi, macho nusu yamefumba, begani kwake unaona mkono wa mtu aliyevaa kitenge cha kijani. Mtu katunga mashairi zaidi ya miaka 40 halafu hiyo ndo sura anayotuachia? Imeniuma sana.

Maana mimi nilikuwa nampitia asubuhi pale barazani kwake. Kauntabuku iko mapajani, kalamu sikioni, anahesabu mizani, yaani silabi za shairi, kwa kugonga vidole kwenye goti, nane, nane, ikizidi moja anarudi mwanzo, midomo inacheza lakini husikii kitu. Hiyo ndo ilikuwa picha yake jamani! Mpiga picha angekaa naye nusu saa tu, mlango uko wazi, mwanga unampata kwa ubavuni, asimwambie "mzee tabasamu", asimpange, amwache ahesabu mizani yake mpaka asahau kama kuna kamera. Na akishapiga asiende kuipitisha kwenye zile programu za kulainisha ngozi, maana siku hizi mikunjo yote inafutwa na weusi wake mtu unapauka, wakati uso ule ndo tulioufuata.

Na kazi hii watu wetu waliijua zamani. Nendeni Unguja pale Capital Art Studio, Ranchhod Oza aliifungua 1930, kuta zimejaa picha nyeusi na nyeupe, ukisimama mbele yake unaona kabisa kwamba huyu mtu alipewa muda. Sasa Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, alikwenda mpaka Bombay 1928 kurekodi santuri, sauti yake tunayo, ila uso wake tunazungushiana picha moja mbili zilezile. Shaaban Robert kafariki 1962 na yeye ni hivyohivyo, picha yake ileile kila mahali. Bi Kidude sawa, yeye anazo nyingi, ila nyingi nilizoziona mimi wamepiga wageni.

Haya, najua kamera ni ghali na wapiga picha wetu wanakula kwa harusi na sendofu. Lakini simu mnazo. Na ukishapiga andika jina la mtu, mahali na tarehe, na jina lako wewe uliyepiga, tafadhali sana.

Jumamosi nakwenda Ngamiani kwa bibi mmoja aliyekuwa anaimba taarabu. Nimemwambia nitafika saa moja na nusu kabla jua halijawa kali, nikamwomba akae jikoni na kanga yake ya kila siku kama ninavyomkutaga. Kakataa katakata, anataka ile mpya na udi afukize kwanza. Basi atavaa hiyo mpya, nami nitasubiri udi.