Sababu ya kifo: ibaki kwenye cheti au iondolewe?

Familia ikifiwa, cheti cha kifo hupita mikononi mwa watu wengi kabla mirathi haijaisha. Karani wa Mahakama ya Mwanzo anakisoma, ofisa wa benki anabaki na kopi, mfuko wa hifadhi ya jamii nao unataka yake, ofisi ya ardhi vilevile, na kijana wa steshenari aliyezitoa kopi hizo amekwisha kukiona. Karibu wote hao wanahitaji kujua nani amefariki, lini na wapi. Lakini cheti chetu cha Tanzania kina nafasi ya sababu ya kifo pia, kwa hiyo wote wanajua marehemu aliugua nini. Ndiyo maana hoja ya kuwa na vyeti vya aina mbili, kimoja chenye sababu na kingine kisicho nayo, inastahili kupimwa kwa makini. Kuna la kusema kila upande.

Kwanza tutenganishe karatasi zenyewe, maana Moshi na Arusha watu huzichanganya kila siku. Mtu akifia KCMC, Mawenzi au Mount Meru, ndugu hupewa tangazo la kifo lililojazwa na hospitali, pamoja na kibali cha mazishi. Kibali kazi yake ni kuruhusu mwili uzikwe. Mahakamani hakisaidii kitu. Tangazo nalo si cheti. Ni taarifa inayopelekwa kwa msajili wa wilaya, kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya, ili kifo kiingizwe kwenye rejesta ya RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Cheti ni nakala ya kilichoandikwa kwenye rejesta hiyo. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30, lakini kuna familia zinazoliweka tangazo kabatini zikidhani kazi imeisha, mpaka siku ya kufungua mirathi. Ripoti ya uchunguzi wa maiti ni kitu kingine kabisa: inaeleza kilichoonekana mwilini, na haichukui nafasi ya cheti.

Sababu inayosomeka kwenye cheti inaanzia kwa daktari. Fomu ya kimataifa ya Shirika la Afya Duniani ina sehemu mbili. Ya kwanza ina mistari minne, a mpaka d. Mstari wa juu ni kilichoua moja kwa moja, na kila mstari unaofuata unajibu swali moja: na hicho kilitokana na nini? Mstari wa mwisho uliojazwa ndio chanzo, nao ndio unaohesabiwa kwenye takwimu za taifa. Pembeni huandikwa muda tangu tatizo lianze. Sehemu ya pili ni ya magonjwa yaliyochangia bila kuwa kwenye mnyororo huo, kama kisukari.

Chukua mzee aliyegongwa na bodaboda Majengo, akavunjika nyonga, akalazwa, akapata nimonia akafa. Fomu iliyojazwa vizuri itasomeka hivi: a, nimonia, siku 4, b, kuvunjika nyonga, wiki 3, c, kugongwa na pikipiki akitembea kwa miguu, wiki 3. Fomu iliyojazwa kwa haraka itasema "nimonia" basi, au vibaya zaidi, "moyo kusimama". Kila anayekufa moyo wake husimama. Hilo halielezi chochote. Mnyororo ukikatikia mstari wa kwanza, ajali imetoweka kwenye karatasi, na watoto wa mzee wakienda kudai fidia kwenye bima ya pikipiki wataulizwa nimonia inahusiana vipi na barabara. PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, itathibitisha kwamba aliumia, lakini haitathibitisha peke yake kwamba jeraha hilo ndilo lililomuua.

Mfano huu unaonyesha kwa nini upande wa kubakiza sababu una nguvu kuliko unavyodhaniwa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hauwezi kuwalipa wategemezi bila kuona uhusiano wa kifo na kazi. Bima za maisha, na hata bima inayofuta mkopo wa benki mteja anapofariki, huwa na mambo zisiyoyalipia, kwa hiyo sababu lazima ijulikane. Halafu kuna jambo ambalo wataalamu wa takwimu hawalitaji sana ila kila aliyekaa kwenye vikao vya ukoo huku Kilimanjaro analijua: mume akifa ghafla, mke ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole. Amemlisha nini? Cheti chenye muhuri wa serikali kinachosema saratani ya koo la chakula kinaweza kumlinda mjane na shamba lake la migomba kuliko ushahidi wa mashemeji kumi. Tena familia inayoiona sababu inaweza kuihoji mapema, wakati faili bado liko mezani na daktari aliyelijaza bado yupo.

Lakini mjane huyohuyo anaweza kuumizwa na cheti hichohicho. Kikiandikwa UKIMWI, kimemtaja marehemu kwa jina na kumtaja mkewe bila jina. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya hali ya mtu anayeishi na virusi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi linalohitaji uangalizi wa pekee. Kumlazimisha mtu apitishe taarifa ya namna hiyo kwenye madirisha manne ili apate haki yake ya mirathi hakuendani na roho ya sheria hizo.

Na kuna madhara yasiyoonekana haraka. Daktari anayejua kwamba karatasi itasomwa na ukoo mzima hushawishika kuwa mpole. Anaandika kifua kikuu au upungufu wa damu, anaacha mstari wa chini wazi. Aliyejinyonga anaandikiwa kukosa hewa. Familia inashukuru, lakini nchi inapoteza hesabu: magonjwa na matatizo yanayohitaji fedha na dawa yanaonekana madogo kuliko yalivyo. Hii, nionavyo, ndiyo hoja nzito kuliko zote za kutenganisha. Sababu inayoonwa na kila mtu mara nyingi haiandikwi kwa ukweli.

Nchi nyingine zimechagua njia tofauti kabisa. Uingereza rejesta ni ya wazi: mtu yeyote anaweza kununua nakala ya cheti cha mtu yeyote, na sababu imo. Ufaransa cheti cha kiraia hakitaji sababu kamwe. Daktari hujaza sehemu ya kitabibu kwa siri, nayo huenda kwenye takwimu za afya bila kupitia kwa karani. Jimbo la Florida, Marekani, liko katikati: mtu mzima yeyote anaweza kuomba cheti kisicho na sababu, ila chenye sababu ni cha ndugu wa karibu na wenye maslahi yanayotambulika, na siri hiyo hudumu miaka 50. Jambo hili linazigusa familia za huku moja kwa moja. Ndugu akifia Florida, mwili ukaja kuzikwa Marangu, na aliyeshughulikia huko akaomba cheti kifupi tu, yaani kisicho na sababu, bima italirudisha faili. Aombe aina zote mbili. Na kama nafasi ya sababu imeandikwa kwamba uchunguzi unaendelea, cheti hicho kinathibitisha kifo lakini sababu bado haijatoka. Baadaye kitarekebishwa, na itabidi kuomba nakala mpya.

Njia ya katikati ndiyo inayotufaa. Cheti kifupi kiwe cha kawaida kwa mahakama, benki na ardhi. Kirefu kitolewe kwa mwenza, wazazi, watoto na msimamizi wa mirathi wanapokiomba, wakipeleke wenyewe kwenye bima au mfuko wa fidia. Hakuna haja ya kuificha sababu kwa familia kama Ufaransa inavyoificha kwenye cheti. Kwetu, ambako uvumi wa sumu na uchawi unaweza kumfukuza mtu nyumbani kwake, ukimya wa karatasi una hatari zake.

Ila mabadiliko hayo hayatagusa vifo vya nyumbani, na huko ndiko sababu ilipo dhaifu kuliko kote. Mtu akifia Kibosho au Monduli bila kufika hospitali, taarifa hupitia kwa mtendaji wa kijiji au wa kata, ambaye si tabibu. Anaandika alichoambiwa: presha, uzee, homa, kuugua ghafla. Dawa ya hili imewahi kujaribiwa hapahapa. Kuanzia 1992, mradi wa kufuatilia vifo vya watu wazima uliihusisha Wilaya ya Hai: wahojaji waliofunzwa waliwauliza ndugu kuhusu dalili, moja baada ya nyingine. Alikohoa muda gani? Alivimba miguu? Upande mmoja ulipooza? Kisha madaktari walisoma majibu na kukadiria sababu. Haifikii uhakika wa hospitali, lakini inashinda neno "homa" kwa mbali.

Kwa anayefiwa leo, kazi kubwa iko kwenye tangazo, kabla cheti hakijachapwa. Nenda na kitambulisho cha NIDA cha marehemu na ulinganishe herufi kwa herufi, maana Aloyce kwenye hati ya shamba na Aloisi kwenye cheti watahesabiwa watu wawili mpaka mtu aape kiapo. Angalia tarehe ya kifo isichanganywe na ya mazishi. Soma mstari wa sababu. Ukiona "moyo kusimama" peke yake na unajua marehemu aligongwa, au alianguka kazini, rudi wodini umwombe daktari ajaze mistari ya chini. Ukishafika kwa msajili, kila kosa litahitaji maombi ya marekebisho na vielelezo. Kama kifo kilitokea nyumbani na siku 30 zimepita, chukua barua ya mtendaji, na kama alizikwa na kanisa, omba parokia au usharika uthibitisho kutoka kitabu cha vifo. Wachaga na Wameru wengi wamo kwenye vitabu hivyo, hata wale ambao rejesta ya serikali haijawahi kuwaona.