Kaisari Chini ya Kizingiti

Kinachokushika kwanza ni macho. Sanamu nyingi za Kirumi tumezizoea zikiwa na macho matupu kama ya vipofu, maana rangi iliyopakwa kwenye marumaru ilikwisha kufutika zamani. Kichwa hiki cha shaba kilichoko British Museum, London, kina macho kamili, ya kioo na jiwe, yamepachikwa kwa ustadi hadi unahisi atapepesa kope. Lakini hakutazami wewe. Shingo imegeuzwa kidogo na macho yanapita juu ya bega lako, kama bwana mkubwa anayesubiri umalize shida zako uondoke. Masikio yametokeza kidogo. Hayo ndiyo yaliyonifanya nimwone binadamu.

Huyu ni Augusto, yule yule Kaisari Augusto tunayemsikia kila Krismasi, aliyetoa amri watu wote waandikwe. Alifariki mwaka wa 14 BK akikaribia miaka 76, ila hutamkuta mzee katika sanamu yake yoyote. Uso ule ule wa kijana ulinakiliwa na kusambazwa dola nzima, na nywele za kwenye paji zilipangwa kwa mtindo mmoja, zikigawanyika kama uma, hata aliyekuwa hajawahi kumwona amtambue mara moja. Zimebaki zaidi ya 200 mpaka leo. Sisi tuliokulia chini ya picha ya rais, dukani na ofisini, hatuhitaji kuelezwa kazi yake.

Kichwa hiki lakini hakikuchimbuliwa Roma. Kilitoka Meroe, Sudan, mwaka 1910, mikononi mwa John Garstang, mwanaakiolojia wa Liverpool. Na hapo ndipo ninapogombana na namna kinavyosimuliwa, kana kwamba ni kitu cha Roma tu.

Kisa kwa ufupi ni hiki. Roma iliitwaa Misri mwaka wa 30 KK, ikawa jirani wa ufalme wa Kushi, uliokuwa kusini, katika Sudan ya leo, na Meroe ukiwa mji wake. Miaka michache baadaye, sehemu ya jeshi la Kirumi lililokuwa Misri ilipelekwa Uarabuni. Wakushi wakaona mwanya: wakashambulia Syene, ambayo leo ni Aswan, pamoja na Elephantine na Philae, wakateka watu na kuangusha sanamu za Kaisari. Mwanajiografia Strabo, aliyeishi zama hizo, ameyaandika haya. Ameandika pia kwamba Kushi ilitawaliwa na Kandake, mwanamke shupavu aliyekuwa chongo. Jina hilo wasomaji wa Biblia wanalifahamu: yule towashi wa Matendo ya Mitume alikuwa mtunza hazina wa Kandake. Kumbe si jina la mtu, ni cheo.

Petronius, gavana wa Kirumi huko Misri, alilipiza kisasi, akapanda na jeshi hadi Napata, mji wa Kushi, na kuubomoa. Hata hivyo vita viliishia mezani. Wajumbe wa Kushi walimfuata Augusto mwenyewe kisiwani Samos, wakapata walichokitaka, na kodi waliyotozwa ikafutwa.

Kichwa nacho kilikuwa kimeshakatwa kwenye mwili na kusafirishwa kusini hadi Meroe. Mtoto mmoja aliyekuwa karibu nami alimuuliza mama yake mwili uko wapi. Haujapatikana. Wenyewe Wakushi walikifukia kichwa chini ya ngazi za kuingilia jengo linalodhaniwa kuwa hekalu la ushindi. Kuta za ndani zilikuwa na michoro ya mateka waliopiga magoti. Kila aliyeingia alimkanyaga Kaisari.

Kwa maoni yangu, hiki kimekuwa kitu cha Kushi kuliko kitu cha Roma. Fundi wa Kirumi alifanya kazi yake, nzuri kweli kweli, lakini wakati ule sanamu za namna hiyo zilikuwa tele. Waliokipa upekee ni watu wa Meroe. Tena ndio waliokiokoa! Sanamu nyingi za shaba za zama zile ziliyeyushwa karne zilizofuata kwa sababu shaba ni mali. Hiki kimefika kwetu kikiwa na macho yake kwa sababu tu kilifukiwa mchangani kwa dharau.

British Museum hiyo hiyo ina jiwe kubwa kutoka Hamadab, karibu na Meroe, ambalo pia lilichimbuliwa na Garstang. Lina majina ya Kandake Amanirenas na mwanamfalme Akinidad, na chini ya miguu yao imechongwa safu ya mateka waliofungwa. Wataalamu wengi wanadhani linazungumzia vita hivyo hivyo. Maandishi yake ya Kimeroe husomeka kwa sauti, ila maana bado haijafumbuliwa vizuri. Sasa tazama: kichwa kiko chini ya idara ya Ugiriki na Roma, jiwe chini ya idara ya Misri na Sudan. Shahidi wa upande mmoja kawekwa huku, wa upande wa pili kule, na mgeni mwenye saa moja hawezi kujua kwamba ni kesi moja.

Suala la kukirudisha Sudan sitalikwepa. Najua kuna vita tangu Aprili 2023, najua makumbusho ya taifa ya Khartoum yameporwa. Hakuna atakayekipeleka kesho. Lakini mali ni ya nani ni swali tofauti na kukiweka wapi kwa sasa. Kilikuwa nyara ya Kushi kwa zaidi ya miaka 1,900, na kilichukuliwa wakati Waingereza ndio walioishika Sudan pamoja na Misri. Hilo liandikwe kwenye kibao, kwa herufi zinazosomeka.

Na kwa kuanzia, jiwe la Hamadab lihamishiwe karibu naye. Kaisari ashushwe kwenye ile nguzo inayomlinganisha na uso wa mgeni, awekwe karibu na sakafu, chini ya kioo kinene, pale mlangoni watu wanapopita.