Ndevu za Miezi 4 na Kitufe Kimoja

Naandika haya kwa sababu fundi wetu wa sauti amekwisha kuwasimulia toleo lake la siku tulipopiga filamu yetu, na katika toleo hilo mimi ninalia. Sikulia. Nilikaa sakafuni kwa muda, nimeegemea mguu wa stendi ya kamera, na mtu akikaa hivyo si lazima awe analia.

Mnaonifuatilia mnaijua filamu yenyewe, maana nimewachosha nayo muhula mzima: dakika 9, kijana ananyoa ndevu alizoziacha tangu baba yake afariki, na mama yake anamsubiri nje ya mlango. Mwigizaji wetu alizifuga ndevu hizo miezi 4 kwa ajili ya dakika 6 tu za picha. Alivumilia kuwashwa, akavumilia maneno ya kwao, na kila tulipokutana alinionyesha zilipofikia, kama mkulima anayekutembeza shambani. Tukio lile, basi, lilikuwa la kupigwa mara moja. Kidevu kikishanyolewa hakiambiwi "turudie".

Sasa oneni jinsi mjanja anavyojitega. Mwigizaji alinyoa akitazama kioo, na kamera ilikuwa nyuma ya bega lake, kwa hiyo kile kitaa chekundu kinachowaka wakati wa kurekodi kilionekana kiooni kama jicho la paka. Nikakiziba kwa utepe mweusi. Maandishi ya pembeni mwa skrini nayo yalinivurugia fremu, nikayaondoa yote, pamoja na alama ya kurekodi. Kwa mikono yangu mwenyewe, tena huku nikijipongeza, nikawa nimewanyamazisha mashahidi wawili pekee ambao wangeniambia ukweli.

Kabla ya kuanza tulifanya jaribio, wembe ukipita hewani tu. Nikajiambia kwamba huenda jaribio likatoka zuri, nikabonyeza kitufe cha kurekodi, ambacho ndicho hichohicho cha kuzima, kimyakimya bila kumwambia mtu. Jaribio likaisha, nikaenda kurekebisha taa, na kitufe kikanitoka akilini.

Tukafika penyewe. Fundi wa sauti akauliza, "Kamera?" Nikabonyeza, nikajibu kwa sauti ya mtu mwenye tuzo kabatini: "Inarekodi." Kumbe ndiyo kwanza nimeizima. Kibao kikagongwa. Mwigizaji akajipaka povu taratibu, akautazama wembe kwa muda mrefu kuliko tulivyokubaliana, kisha akaushusha kuanzia shavu la kulia, ukaacha nyuma yake njia nyembamba ya ngozi iliyopauka. Maji yalikuwa yakidondoka kwenye karai. Alipofika chini ya mdomo likamtoka chozi la kweli, ambalo halikuwamo kwenye mswada na ambalo nisingethubutu kuliomba. Likateremka mpaka kwenye povu, likazama humo. Yote hayo niliyaona vizuri kabisa, kwa sababu skrini ya kamera huonyesha picha hata pasiporekodiwa kitu, na hilo ndilo lililonimaliza. Dakika 6, picha 24 kwa kila sekunde, yaani picha 8,640 ambazo hazikupigwa. "Kata!" nikasema, nikabonyeza tena. Kamera ikatii, ikaanza kurekodi.

Tulipohamishia mafaili kwenye kompyuta, sote wanne tukiwa tumebanana mbele yake, kipande cha kwanza kilimwonyesha mtu mwenye ndevu akinyoa hewa, kisha dakika 11 za ukuta na kisogo changu. Cha pili kilianzia kwenye kidevu kitupu, watu wakipiga makofi, na sauti yangu ikisikika karibu mno: "Jamani, hata vifaa vyote viharibike leo, tukio hili tunalo!" Hakuna aliyecheka. Mwigizaji, aliyekuwa nyuma yangu akijipapasa kidevu, aliuliza kwa upole ambao sitaki kuusikia tena maishani, "Kaka, na ile yenye ndevu iko wapi?"

Ndipo nilipokaa sakafuni.

Yaliyofuata ni mafupi. Fundi wa sauti hurekodi kwa mashine yake mwenyewe, hivyo wembe ukikwaruza, maji na pumzi za kijana, vyote alikuwa navyo. Siku ya pili tukahamia nje ya mlango, tukampiga picha mama akisikiliza sauti zile kutoka kwenye spika, mpaka mlango ukafunguka na kidevu kitupu kikatoka. Tukaiwasilisha filamu dakika za mwisho. Mwalimu akasifu "ujasiri wa kutoonyesha", nami nikaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyelitafakari jambo hilo kwa miezi, na papo hapo fundi wa sauti akakohoa nyuma yangu. Kikohozi kile ndicho kilichozaa toleo mlilolisikia.

Sasa anadai kwamba mashine yake ilikuwa bado inarekodi nilipokuwa pale sakafuni. Akiwaletea sauti hiyo, nawaambieni mapema: yalikuwa mafua.